Kihamba Nilichokikana kwenye Fomu ya Viza

Fomu ya viza ya masomo ilikuwa na maswali mengi, na karibu yote niliyajibu nikiwa nimesimama. Nilikuwa kwenye steshenari moja Moshi mjini, dada wa pale akiandika kwenye kompyuta na mimi nikimtajia majibu juu ya bega lake, kwa sababu nina haraka ambayo mama anasema nilizaliwa nayo. Kama nimewahi kufungwa jela: hapana. Kama nina kifua kikuu: hapana. Tukafika kwenye swali lililouliza kama nina ardhi, nyumba au mali nyingine isiyohamishika katika nchi yangu. Dada akasubiri, vidole hewani. Nikamwambia aandike kwamba sina.

Sikusema uongo, na kweli pia sikuisema. Nyumbani kwetu ni Machame, juu kidogo ya barabara ya lami, kwenye kihamba cha baba, shamba la urithi lenye nyumba ndani yake: migomba, kahawa chini ya migomba, ng'ombe wawili bandani, mfereji unaopita nyuma ya jiko, na masale yaliyopandwa kuzunguka mpaka tangu enzi za babu. Nilizaliwa mle na wakati huo nilikuwa bado nalala mle. Lakini kwetu mtoto hahesabu kihamba cha baba aliye hai. Kusema "nina shamba" huku mzee anakohoa chumba cha pili ni kumchimbia kaburi mchana kweupe. Isitoshe mimi ni msichana. Kwa desturi, kihamba cha nyumbani hubaki kwa mtoto wa kiume wa mwisho, na baba ana mtoto wa kiume mmoja tu, kaka yangu, aliyejenga Dodoma. Kwa hiyo hata ningekuwa na ujasiri wa kumhesabia baba mali, nisingekuwa na cha kuhesabu. Tukaenda swali lililofuata.

Wakati huo nilikuwa afisa ugani wilayani Hai. Kazi yangu ilikuwa kupita kwenye vihamba vya watu na buti miguuni, nikigeuza majani ya kahawa kutafuta kutu na kuchungulia chulebuni, ugonjwa unaoozesha matunda ya kahawa. Chuo kimoja cha nchi ya baridi kilikuwa kimenipa nafasi na ufadhili wa kusomea magonjwa hayohayo kwa undani. Mama hakuielewa habari hii. Aliniuliza wanayaonea wapi magonjwa ya mti wasiokuwa nao. Nikamweleza habari za maabara, akasema sawa, na kesho yake akauliza tena.

Ubalozi ulitaka pia barua ya mzazi. Baba aliandika yake kwenye karatasi ya daftari, kwa kalamu ya bluu, mchana mzima akiwa kwenye kigoda nje ya banda, na alipomaliza akaikunja ndani ya bahasha na kuifunga kwa ugali uliobaki. Akanikabidhi. Mimi nami niliipeleka Moshi kwa mwalimu mstaafu mwenye mhuri wa kutafsiri, naye akaifungua, akaitafsiri, akaipeleka pamoja na nyaraka nyingine kwa dada wa steshenari. Sikuisoma. Barua ya mzazi kwenda kwa wakubwa wenzake si ya mtoto kufungua, na kusema kweli nilidhani najua kilichomo: kwamba mimi ni mtoto mtiifu, naimba kwaya, sijawahi kuleta aibu. Nilihesabu kurasa tu nikaona zimetimia.

Baada ya wiki kadhaa lilikuja jibu. Barua ilikuwa fupi kuliko orodha ya kwenda sokoni. Afisa alisema hakuridhika kwamba ningeondoka nchini kwao baada ya masomo, kwa kuwa sikuonyesha mali wala mafungamano ya kifamilia ya kunirudisha Tanzania. Viza imekataliwa.

Nilikasirika hadi nikaenda kukata majani ya ng'ombe bila kuombwa. Mimi, nisirudi Machame? Nilikuwa sijawahi hata kukosa Krismasi nyumbani. Nilimwambia mama kwamba hao watu wanafikiri nchi yao ni tamu kiasi gani, mvua ya barafu miezi sita na ndizi wanazinunua moja moja. Mama akasema nisimalizie hasira kwenye majani machanga.

Chuo kilinishikia nafasi kwa mwaka mmoja tu, baada ya hapo angepewa mwingine. Lakini kilikuwa na kituo cha msaada wa kisheria kwa wanafunzi, na wakili mmoja wa pale alikuwa mwanamke aliyekulia Arusha. Kiswahili chake kilikuwa kimepata baridi kidogo lakini bado kilitembea. Alinipigia jioni moja, kwao ikiwa asubuhi, akaniambia niache kulia. Nikamwambia silii, nimekasirika. Akasema hivyo ni vizuri zaidi, kwa sababu tunakwenda mahakamani kuomba mapitio.

Nilifurahi mno, nikaanza kumtajia ushahidi mpya ninaoweza kutuma: barua ya mwajiri, barua ya mchungaji, picha za ng'ombe, cheti cha kijiji. Akanikatiza. Alisema jaji hatoi viza, na hatasikiliza kesi yangu upya. Jaji anaangalia jambo moja: siku ile afisa anaamua, alikuwa na karatasi gani mezani, na je, sababu alizotoa zinasimama ukizilinganisha na karatasi hizo. Picha ya ng'ombe ambayo haikuwa mezani siku ile haina kazi.

Hilo lilinishinda. Nilimweleza baba kwa uchungu, nikitegemea atakasirika pamoja nami. Baba amekuwa kwenye kamati ya mfereji wetu kwa miaka mingi, na alinisikiliza kama anasikiliza mtu anayemweleza jinsi ya kumenya ndizi. Akasema hata wao hufanya hivyo. Mtu akilalamika kwamba amenyimwa zamu ya maji, wazee wa juu hawashuki na majembe kugawa maji upya. Wanawaita waliogawa na kuwauliza kama walimsikiliza huyu mtu alipoongea. Kama hawakumsikiliza, ugawaji unafutwa na wengine wanatumwa kugawa. Nilikuwa nimesoma kurasa kumi na tatu za maelezo ya sheria kwa Kiingereza, na mzee alikuwa amezielewa zote akiwa ameshika chepe.

Baada ya miezi miwili wakili alipiga tena. Sauti yake ilikuwa tofauti. Aliniuliza kama niliisoma barua ya baba kabla ya kuituma. Nikasema hapana. Akasema ngoja nikusomee, keti chini. Nilikuwa jikoni, nikakaa juu ya gunia la mahindi.

"Mimi ndiye mwenye kihamba hiki, nilichopewa na baba yangu," akasoma. "Nina watoto wawili. Wa kwanza ni mwanamume, nimeshamkatia sehemu yake ya chini, na amejenga kwake. Wa mwisho ni huyu msichana. Kihamba cha nyumbani na nyumba iliyomo nimeamua ni chake, kwa sababu ndiye anayekijua. Yeye mwenyewe sijamwambia. Nawaambia ninyi kwa sababu mmeuliza. Naomba msimwambie."

Nikalia, sasa kweli. Nililia nikiwa nacheka, na mama akaingia akafikiri nimeungua. Kwa miaka yote ile nilikuwa nimejiandaa kuwa mgeni kwenye nyumba niliyozaliwa, nikija Desemba na begi langu kama shangazi yeyote. Sikuwa nimelalamika kwa mtu. Nilidhani hata mimi mwenyewe nimeshazoea.

Wakili alisubiri nimalize, kisha akaanza kucheka naye. Akasema katika uamuzi wote wa afisa, na katika maelezo yake ya ndani ambayo mahakama ilikuwa imemlazimisha kuyatoa, barua ya baba haikutajwa hata kwa herufi moja. Aliombwa asimwambie mtu na hakumwambia mtu, hata yeye mwenyewe. Hiyo ndiyo ilikuwa kesi yetu.

Lakini kulikuwa na tatizo, na tatizo lilikuwa mimi. Wakili wa serikali atasema mwombaji mwenyewe aliandika kwamba hana ardhi. Sasa afisa angemwamini nani? Akaniuliza kwa nini niliandika vile wakati nakaa kwenye shamba. Nikajaribu kumweleza. Yeye mama yake ni wa Rombo, Mchaga kama sisi, akaelewa kabla sijamaliza. Akasema, mdogo wangu, mimi nimekuelewa, sasa tumwombe Mungu jaji naye aelewe.

Na tena akasema jambo lililoninyima raha siku nne: barua hiyo itasomwa mahakamani, na kesi inarushwa mtandaoni ili familia iweze kufuatilia. Baba alikuwa ameshatangaza kwamba atafuatilia. Ilibidi nimwambie kwamba najua.

Nilimkuta kwenye mfereji asubuhi, zamu yetu ya maji, akizibua majani yaliyoziba mlango wa kwetu. Shikamoo, marahaba. Nikashika chepe la pili ili mikono iwe na kazi. Nikamwambia barua yake imesomwa na wakili, na wakili amenisomea. Baba hakuacha kuzibua.

"Kwa hiyo wamekuambia," akasema.

"Wameniambia, baba."

"Niliwaomba."

Nikamwambia wazungu wana sheria zao za faili. Akatikisa kichwa kwa masikitiko, kama mtu aliyemwazima jirani jembe likarudi bila mpini. Kisha nikamweleza lililobaki, lile baya zaidi, kwamba kwenye fomu niliulizwa kama nina ardhi, nami nikaandika sina, na kwamba neno hilo linaweza kutuangusha.

Hapo ndipo alipojinyoosha na kunitazama. Nilitegemea lawama. Nikaona uso wake umelegea.

"Ulifanya vizuri," akasema. "Ungeandika ninacho, ningekuuliza unangoja nife lini. Mimi naweza kulisema hilo. Wewe huwezi."

Tukaendelea kuzibua. Maji yalipofunguka yakaingia kwenye migomba, naye akaniambia niangalie yasipite kwenye vitunguu vya mama.

Siku ya kesi tulishuka Moshi kwenye steshenari ileile, kwa sababu mtandao wa Machame hupotea wingu likipita. Baba alivaa koti la kanisani. Mama alibeba chupa ya chai na ndizi za kuchoma ndani ya kitambaa, akawagawia hata wateja waliokuja kutoa nakala za vyeti. Ilikuwa saa kumi na moja jioni kwetu. Kwenye skrini walitokea jaji, ambaye alikuwa mwanamke mwenye miwani; wakili wetu; na wakili wa serikali, mwanamume kijana mwenye adabu nyingi. Nilikaa katikati ya wazazi wangu nikitafsiri kwa kunong'ona, kulia na kushoto.

Wakili wetu aliongea kama dakika ishirini. Alisoma barua ya baba kwa Kiingereza, yote, pamoja na lile ombi la mwisho. Jaji akatabasamu kidogo kisha akajizuia. Baba aliniuliza kwa nini yule mama amecheka. Nikamwambia amefurahishwa na mwandiko.

Kisha kijana wa serikali akasimama na kusema nililoliogopa. Mwombaji ana akili timamu, amesoma, ameulizwa kwa lugha iliyo wazi kama ana ardhi, akajibu hana. Afisa hawezi kulaumiwa kwa kumwamini. Nilipotafsiri sehemu hiyo mama akanishika goti.

Jaji akamwacha amalize. Halafu akauliza swali moja, taratibu, kama mwalimu asiye na haraka ya kengele: ni wapi, katika uamuzi au katika maelezo ya afisa, panapoonyesha kwamba barua ya baba ilisomwa? Kijana akainama. Akageuza karatasi. Akarudi nyuma, akageuza tena.  Nilikuwa bado sijatafsiri chochote, baba akanisogelea.

"Anatafuta," akasema. "Haipo."

Hukumu haikutolewa siku hiyo. Ilikuja baada ya wiki tatu, na wakili alinipigia nikiwa Bomang'ombe sokoni, nimeshika kabichi. Tumeshinda. Jaji aliandika kwamba huenda jibu langu na barua ya baba vilipingana, lakini afisa aliyeona karatasi mbili zinazopingana alipaswa kusema ameziona na kueleza kwa nini ameamini moja. Kunyamaza si sababu. Uamuzi umetenguliwa, faili linarudi kwa afisa mwingine aanze upya.

Nilipiga simu nyumbani nikasema neno moja tu, tumeshinda, nikakimbilia gari. Hilo ndilo lilikuwa kosa langu la pili. Nilipofika, mama alikuwa ameshachinja jogoo, ameshawaambia majirani wa juu na wa chini kwamba naondoka Jumapili, na mama mmoja wa kwaya yetu alikuwa sebuleni na soksi mbili nene za sufu. Ikanibidi nisimame mbele ya machalari ya ndizi na kuku yanayofuka moshi nieleze kwamba viza bado. Tumeshinda haki ya kuulizwa tena. Mama alinitazama, akamtazama jogoo kwenye sufuria. Baba akawaeleza habari za mfereji na wazee wa juu, kila mtu akaelewa, tukala. Soksi sikuzirudisha.

Kaka nilimpigia mwenyewe, sikutaka asikie kwa watu. Nilimsomea barua ya baba kwenye simu.  Akaniuliza kama Desemba bado atapata kitanda. Nikamwambia atapata, ila aje na kreti ya soda na asilete wageni bila taarifa. Akacheka. Akasema alikuwa anajua siku nyingi, maana yeye akiulizwa ng'ombe yupi ana mimba hana jibu. Nilisikia kwenye sauti yake kwamba kidogo kimemuuma, na nikampenda zaidi kwa kutokisema.

Afisa mpya aliniandikia mwezi uliofuata akitaka nijaze fomu upya. Safari hii baba alisema anakuja.  Tulishuka asubuhi, yeye na koti lake, na dada wa steshenari akatutolea viti viwili. Majibu ya mwanzo yalikwenda haraka. Jela, hapana. Kifua kikuu, hapana. Kisha tukafika pale. Dada alikuwa analikumbuka swali lile kuliko mimi. Aliondoa mikono kwenye kibodi, akageuka akatutazama.

Nilijua jibu. Lilikuwa limesomwa na jaji na mawakili wawili, na nusu ya wateja wa steshenari walikuwa wamelisikia. Lakini mdomo ulikataa. Nilimtazama baba, mvi zake, mikono yake juu ya magoti, kucha zenye udongo wa mfereji ambao sabuni haiutoi tena, na sikuweza.

"Sema," akaniambia.

"Baba, sema wewe."

"Mimi nimeshasema. Wamesikia. Sasa wewe."

Nikamwambia dada aandike kwamba ninacho. Niliisema polepole, sauti ya chini, nikitazama sakafu. Dada akaandika. Baba akasubiri mpaka kibodi kikanyamaza, kisha akajipapasa kifuani kwa viganja viwili, mfuko wa kushoto na wa kulia, kama anayetafuta miwani.

"Umeona?" akasema. "Bado nipo."

Viza ilitoka kabla mwaka niliopewa na chuo haujaisha. Nilikwenda, nikavaa zile soksi, nikasoma magonjwa ya mti ambao mama alisema hawana, ndani ya vyumba vya vioo ambamo ulikuwepo, na mama nikamtumia picha. Kila Jumapili nilipiga simu nyumbani. Nilisema shikamoo baba, naye alijibu marahaba, bado nipo, kisha ndipo habari nyingine zikafuata, mvua, ng'ombe, nani amefunga ndoa. Hakuwahi kuliruka neno hilo, na mimi sikuwahi kukata simu kabla ya kulisikia.

Siku niliyorudi nilishuka barabarani na mabegi yangu, nikapita njia ya nyuma. Hakuwa nyumbani. Nilimkuta kwenye mfereji, amesimama kwenye maji hadi vifundoni, akizibua mlango wetu kwa mkono mmoja, mwingine ameushika kiunoni. Nikaweka mabegi juu ya nyasi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Hakugeuka mara moja. Alimalizia kutoa majani, akayatupa ukingoni, ndipo akanitazama toka juu hadi chini. "Bado nipo, ila mgongo umechoka. Zamu yetu inaisha saa sita, mwenye kihamba. Vua viatu."